Mistari ya Chokaa

Uwanjani, 16 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa unaoandika ni mmoja tu. Sisi huku tu wazima. Wifi yako sauti imemkauka kwa kulia, ananong'ona tu, na mimi ninayemsikia vibaya siku zote sasa simsikii kabisa. Jirani yetu fundi saa amehamia kwa bintiye. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la mipira.

Najua ile simu ya ofisini kwenu ilikatika kabla sijamaliza, na ulichosikia ni nusu. Nakuandikia yote sasa, kwa sababu unastahili kuyasikia kwangu, si kwa mabaharia wa kupita.

Tarehe 11, saa mbili na nusu asubuhi, ghala namba sita la bandarini lilishika moto, zamu ndiyo kwanza inaingia. Ndani yake mlikuwa na marobota ya pamba, na mapipa ambayo mpaka leo hakuna anayekubali kusema yalikuwa na nini. Watu thelathini na mmoja hawakutoka. Chumba cha maiti cha hospitali kina vitanda vinane. Saa sita mchana bwana afya wa manispaa akaja mbio, koti limejaa majivu, akaniambia, "Mzee, tunaomba uwanja." Kana kwamba uwanja ni wangu.

Unaujua uwanja wetu. Pale vibarua wa bandari hupangwa kila asubuhi kabla ya kwenda melini, pale mabaharia wa nje hucheza na vijana wetu Jumapili wakafungwa, pale madiwani huapishwa na kusahau walichoapa. Miaka ishirini na sita nimekata majani yake na kushona jezi zake, nikadhani nimeshaona kila kazi ambayo uwanja unaweza kufanya. Nikatoa kitoroli changu cha chokaa nikapiga safu nne, nafasi nane nane, ya mwisho saba. Nilizinyoosha, mdogo wangu. Nilivuta kamba na kupigilia vigingi kama siku ya fainali. Nilishukuru kuwa na kitu cha kushika mkononi.

Mwanao alikuwa nafasi ya tano. Uso usiniulize. Lakini chini ya ovaroli kulikuwa na jezi yake, namba nne, ile niliyoishona mwenyewe, uzi mara mbili kwenye kila kona ili mafowadi wasiichane. Mshono wangu nautambua hata nikifumba macho. Nikasema huyu ni Kitasa, beki wetu, mtoto wa dada yangu. Nikaandika jina lake kwenye daftari la bwana afya, nikatia sahihi.

Tumemzika tarehe 14. Timu nzima ilikuja, na vijana wa timu ya winchi aliokuwa akiwakaba kila Jumapili wakabeba jeneza zamu kwa zamu.

Nisamehe kwamba niliyekuwepo ni mimi, si wewe.

Kaka yako


Chumba cha kufulia, hospitalini, 9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mpe wifi pole yangu, na umwambie anywe maji ya uvuguvugu, sauti itarudi. Asiirudishe haraka lakini, upumzike kidogo. Mimi naendelea na kazi. Msimamizi alinipa siku mbili nikae chumbani, nikamwambia chumbani nitafanya nini, nitatazamana na ukuta? Nikarudi kwenye pasi. Mashuka ya wagonjwa hayajui mtu kafiwa.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Ahsante kwa kunyoosha ile mistari. Najua kwa nini unaniambia.

Nina swali moja. Miguu yake uliitazama? Kile kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, kilichopanda juu ya mwenzake tangu alipokanyagwa na njumu akiwa na miaka kumi na tatu. Sikushuku, Kaka. Ni kwamba kidole kile mimi ndiye niliyekuwa nikikikata kucha, kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema hakifikii, akinidanganya kwa uvivu, na mimi nikijifanya sijui. Nataka tu mtu aniambie alikiona.

La pili, jiwe. Nataka kaburi liwe na jiwe na jina lake kamili, si lile la mpirani. Tafuta fundi mzuri. Wewe huvumilii uzi unaoning'inia kwenye jezi, basi usivumilie herufi iliyopinda.

La tatu silo la kujibiwa. Tarehe 20 mwezi uliopita nililetewa barua yake. Muhuri wa posta unasema 10 Februari, siku moja kabla. Sijaifungua. Iko kabatini chini ya nguo. Unakumbuka jinsi tulivyoandikiana mwaka jana, mimi na yeye, na mwanzo wa ugomvi ulikuwa nini. Sina nguvu ya kusoma matusi ya marehemu, wala msamaha wake.

Mdogo wako


Uwanjani, 30 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Hapa mvua imechelewa. Wifi yako sauti imerudi yote, na ulivyonitakia mapumziko amesoma mwenyewe, kwa hiyo uko mashakani. Watoto wa paka wamebaki watatu.

Uwanja bado umefungwa. Chokaa niliiosha kwa mpira wa maji siku mbili nzima, lakini majani yamekataa. Pale palipolala watu pamegeuka manjano, vipande thelathini na kimoja, vimepangika. Ukipanda juu ya jukwaa unaviona vyote. Diwani alikuja, akavitazama, akauliza kama naweza kuvipaka rangi. Nilimtazama mpaka akakumbuka ana kikao.

Tisa hawakutambuliwa. Joto lilikuwa kali na hospitali haikuweza kungoja, manispaa ikawazika mwisho wa makaburi, kila mmoja na kigingi chenye namba ya nafasi aliyolala uwanjani kwangu. Maelezo yao yako kwenye daftari la bwana afya.

Sasa kuna mama mmoja ananisumbua roho. Unamkumbuka Mpole? Pengine humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Kibarua, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mrefu, anacheka kwa kuziba mdomo. Siku asiyopata kazi melini alikuwa akinisaidia kuvuta roli la kusawazishia uwanja. Huyu ni mama yake, katoka safari ya siku mbili. Mpole haonekani tangu siku ya moto. Hakuwa na ajira, kwa hiyo hayumo kwenye orodha yoyote, na hakuna anayejua kama asubuhi ile alipata kazi ghalani au la. Mama alifika wale tisa wameshazikwa. Amesomewa daftari, hakuna alilolitambua. Basi kila siku anakuja anakaa jukwaa la upande wa bandari, safu ya tatu, mkoba mapajani, anatazama majani. Manispaa wananiambia nimwondoe.

Kuhusu jiwe, nimeongea na fundi. Kuhusu miguu, siku ile mambo yalikuwa mengi.

Wiki ile ya moto nilikuwa nimemtilia mwanao raka soksi za mpira, kisiginoni. Uzi mweupe uliniishia, nikamalizia kwa wa bluu. Akaniambia, "Mjomba, hii soksi au bendera ya meli?" Akaondoka nazo hivyo hivyo. Akawa anazivaa hata kazini, ili kunikera.

Basi, hayo tuyaache.

Kaka yako


Chumba cha kufulia, 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kumfikishia wifi, ya kuomba radhi. Huku baridi inaanza kulegea. Nimehamishiwa mashine ya kukamulia mashuka, pasi wamempa mgeni. Anaunguza.

Yule mama usimwondoe. Sikuombi, nakwambia. Uwanja si wa diwani. Mpe maji, mpe mto wa kukalia, jukwaa lile ni zege tupu na lina baridi hata juani, nililikalia miaka mingi nikimtazama mwanangu akirukia miguu ya watu. Muulize mwanawe alikuwaje. Sisi tulio mbali hutaka mtu atuulize hivyo, na hakuna anayeuliza. Mimi na yeye tungebadilishana, Kaka. Yeye ana pa kukaa na hana kaburi. Mimi nina kaburi nisilowahi kulikanyaga.

Swali langu la miguu hukulijibu. "Mambo yalikuwa mengi" si jibu. Ulipokuwa na miaka tisa ulivunja mtungi wa bibi ukasema hivyo hivyo.

Maneno ya jiwe ni haya: jina lake kamili, tarehe mbili, na chini yake: Alilinda wengine. Herufi zisiwe za mapambo.

Mdogo wako


Chumba cha kufulia, 25 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimengoja wiki tano. Posta nimekwenda mpaka karani ananiona mlangoni tu anatikisa kichwa. Kama ni mgonjwa, wifi aandike. Kama jiwe limeharibika, sema. Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Mdogo wako


Uwanjani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sijambo. Wifi yako hajambo. Paka mmoja amegongwa na lori la bandari.

Uwanja umefunguliwa. Tulicheza na timu ya forodha, bila bila. Kipindi cha pili golikipa wetu alikataa kusimama goli la upande wa bandari, akasema hawezi kusimama akiwa amevitazama vile vipande. Tukabadilisha, wa forodha naye akakataa. Mwisho mwamuzi akapiga filimbi dakika ishirini kabla ya muda, na watu wakaondoka, hakuna aliyedai kitu.

Jezi namba nne hakuna anayeivaa. Sijashona nyingine.

Jiwe bado. Fundi anaumwa mgongo. Mafundi wengine siwaamini.

Yule mama wa Mpole siku hizi anakuja nyumbani. Wifi yako humwekea chai, wanaongea. Mimi huwa na kazi nje.

Ile barua ya mwanao, kama hujaifungua, iache ilivyo. Hakuna faida. Wewe mwenyewe ulisema huna nguvu nayo. Ikae.

Kaka yako


Chumba cha kufulia, 2 Julai

Kaka, Kaka yangu,

Salamu nitaleta mwishoni, leo sina subira nazo. Kaa chini kwanza. Muite wifi akae karibu yako.

Barua nimeifungua. Umeniambia niiache, na wewe unanijua tangu utoto, nikikatazwa ndipo mkono unapowasha. Nilijiuliza, kaka yangu anaogopa nini humo? Nikapasua bahasha na mkasi wa mashuka.

Nakuandikia maneno yake kama yalivyo. "Mama, usikasirike, au kasirika kabisa halafu yaishe. Mpira nimeuacha. Ulisema nibaki nicheze, nimebaki mwaka mzima, inatosha. Kuna meli ya mizigo inataka msaidizi wa jikoni, nimekwishaandikisha jina, inaondoka tarehe 12 na itatia nanga karibu na huko uliko baada ya miezi kadhaa. Nikifika unaweza kunifukuza, nitakaa nje ya hospitali mpaka uchoke. Jezi yangu leo nimempa Mpole, hana hata shati la maana, amefurahi mpaka akasahau kuziba mdomo. Mjomba hajui, atasema nimeitupa kazi yake. Nitamwambia kesho nikienda kuaga. Kata kucha zako usije ukanikwaruza tukionana."

Umesikia? Jezi alimpa Mpole. Siku moja kabla ya moto. Aliyekuwa nafasi ya tano si mwanangu, ni Mpole. Na mwanangu aliandikisha jina kwenye meli. Yuko baharini, Kaka. Jikoni, anamenya viazi, hajui hata kama kulikuwa na moto, hajui kama tumemzika. Ndiyo maana hakuandika tena, mabaharia wa jikoni huandika lini? Nahesabu miezi, anaweza kufika wakati wowote kuanzia sasa. Nimekwenda kwa wakala wa meli wa huku kuomba orodha. Nimemnunulia soksi za sufu, jozi mbili, huku baharini baridi.

Sikukasirikii. Mshono ulikuwa wako, mtu yeyote angesema vile. Lakini mwambie yule mama leo hii. Usingoje barua yangu nyingine. Mwanawe ana kaburi, tena kaburi zuri, timu nzima ilikwenda. Mpeleke.

Na jiwe, Kaka. Mshukuru fundi kwa mgongo wake.

Msalimie wifi, wasalimie paka, wasalimie wote.

Mdogo wako


Uwanjani, 21 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu. Nimekaa kama ulivyoniamuru, na wifi yako yuko kando yangu, ameshika kona ya karatasi isipeperuke. Ameniambia nisipoandika leo ataandika yeye. Nakuomba na wewe ukae.

Kwanza nimekosa. Nimekosa mara mbili, na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Habari ya jezi niliijua tangu tarehe 3 Mei. Nilifanya ulivyonituma, nilimuuliza yule mama mwanawe alikuwaje. Akanieleza mengi, kisha akasema mwenye nyumba wa Mpole alimwona akitoka asubuhi ile, kifua mbele, amevaa jezi ya mji. Nikamuuliza namba gani. Akasema nne, mwenye nyumba alimtania kwa hiyo. Nilikuwa nimeshika ndoo ya chokaa. Niliiweka chini taratibu nikamwambia naja. Sikurudi siku ile. Hakukuwa na fundi mgonjwa, jiwe nililizuia mimi.

Utasema, kwa nini hukuniambia? Kwa sababu nilijua ungefanya hicho ulichofanya. Ungesikia kwamba wa nafasi ya tano siye, na usingesikia kingine. Ungenunua soksi.

Nafasi ya kumi na saba, mdogo wangu. Safu ya tatu, wa kwanza. Nilipita hapo siku ile ile, nikiwa nimeshatia sahihi ya nafasi ya tano, natoka. Watu wa afya walikuwa wamemvua viatu vya kazi. Viatu vile ni vya ngozi nene, vililinda miguu. Alikuwa na soksi nyeupe, na kisiginoni raka, na raka imemaliziwa kwa uzi wa bluu.

Niliiona. Sitasema sikuiona. Nilisimama pengine kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Nikajiambia nusu ya vijana wa bandari wametiliwa raka na mimi, na uzi wa bluu hauna mwenyewe. Sikuinama. Sikuivua ile soksi. Nilikuwa nimeshampata wangu, nimeshalia, nimeshaandika, na roho haikutaka kuanza upya. Hilo ndilo kosa la kwanza. Miaka ishirini na sita natambua kazi ya mkono wangu, na siku hiyo nilitambua niliyoweza kuivumilia, nyingine nikaipita.

Baada ya tarehe 3 Mei nilikwenda kwa bwana afya, nikaomba daftari. Nimenakili ilivyoandikwa, sikuongeza neno: "Namba 17. Mwanaume, kijana. Soksi nyeupe yenye raka ya uzi wa bluu kisigino cha kulia. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake."

Swali lako nimelijibu, kwa kuchelewa miezi minne.

Na meli nimeiuliza pia, usije ukang'ang'ania meli. Nilikwenda kwa wakala wa hapa. Jina lake lilikuwemo, limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni wameandika: hakutokea. Meli iliondoka tarehe 12 bila msaidizi wa jikoni. Msimamizi wa zamu aliyenusurika ananiambia asubuhi ile Kitasa hakuja kufanya kazi. Alikuja kurudisha kofia na kitambulisho na kuwaaga wenzake. Mlangoni akamkuta Mpole, wakaingia pamoja.

Yule mama nimemwambia. Jumapili iliyopita, kabla hata barua yako haijafika, nakuapia, muulize wifi. Tulimpeleka sote wawili. Alivua viatu, akakaa pembeni ya kaburi, mkoba mapajani vile vile kama jukwaani. Akauliza, "Nani alimvika sanda?" Nikasema mimi na mke wangu. Akauliza, "Mlilia?" Wifi yako akasema tulilia sana. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi alizikwa na watu." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jukwaani haji tena. Safu ya tatu iko wazi, na mimi kila nikipita na kitoroli nasimama pale bila sababu.

Majani yamefunika vipande vyote sasa isipokuwa vichache. Cha kumi na saba kiko karibu na duara la kati. Msimu unaanza mwezi ujao, na nalazimika kupiga mistari. Nimewaambia manispaa watafute mtu mwingine.

Sina neno la kuomba msamaha lenye urefu unaotosha. Nimemuua mwanao mara mbili kwa kalamu.

Kaka yako


Chumba cha kufulia, 10 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na wifi pia. Msalimie sana, mwambie nimemshukuru kwa kushika kona ya karatasi. Mimi afya ninayo. Yule mgeni wa pasi amejifunza, haunguzi tena, nimemfundisha mwenyewe.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nilikaa. Kisha nikarudi kazini, kwa sababu mashine ilikuwa imejaa maji na hakuna mwingine aliyejua kuizima.

Kwa siku thelathini na nane nilikuwa na mtoto baharini. Nilipanga maneno ya kumpokelea. Kwanza ningemgombeza kwa kuacha mpira, kisha kwa kuchelewa, kisha ningemwambia kwamba mwaka ule nilimzuia asije kwa sababu niliona aibu aone nafanya kazi gani. Nilimwambia abaki acheze. Wewe unajihesabia makosa mawili, mimi ninalo moja na linatosha kuyafunika yako yote. Angekuwa huku mwaka mzima sasa, analalamika baridi.

Usiseme umemuua. Moto ndio uliomuua, na wenye mapipa yao. Wewe uliogopa kuinama. Mimi niliogopa kufungua bahasha, na ningeifungua Februari, yule mama asingekaa kwenye zege miezi yote ile. Tulivyo ndivyo tulivyo, mimi na wewe, watoto wa mama mmoja.

Lakini sitakwambia nimekusamehe, kwa sababu bado. Ningesema ungejua nadanganya.

Kazi ya mistari usiiache. Piga wewe. Mwingine atapita pale kama anapita popote.

Kaburi mlilozika na timu ni la Mpole. Lile jiwe mpeni mama yake, aandike anachotaka. Ahsante zangu zote kwake, na mwambie nitaomba kukaa naye safu ya tatu siku moja, kama ana nguvu.

Nimepata ruhusa. Naondoka tarehe 22, nitafika katikati ya Septemba. Usije gatini, macho yatanipotea nikikutafuta kati ya watu. Ningoje uwanjani, usimame pale alipolala, ili nikiingia getini nipajue bila kuuliza. Nakuja na zile soksi za sufu. Kisha tutakwenda makaburini pamoja, kwa miguu.

Kigingi cha kumi na saba usikiguse mpaka nifike. Na jina lake usiliandike wewe. Wewe umeshaliandika mara moja.

Mdogo wako